Mashine za Picha za Mwezi Zilizolala Gereji

Kwa miaka 20, kanda za sumaku karibu 1,500 zilikaa kwenye ghala la serikali huko Maryland, Marekani. Mwaka 1986 zikarudishwa kwa mwenyewe, shirika la anga la NASA, na uamuzi wa kuzitupa au kuzitunza ukamwangukia Nancy Evans, mtunza nyaraka katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory, California. Nafasi ilikuwa finyu na kanda zilikuwa nzito. Hakuna aliyekuwa akiziulizia. Evans alikataa zitupwe.

Alijua kilichomo. Kati ya Agosti 1966 na Agosti 1967, NASA ilirusha vyombo vitano vilivyoitwa Lunar Orbiter kwenda kuuzunguka Mwezi na kuupiga picha, ili papatikane mahali pa kutua wanaanga wa Apollo. Vyote vitano vilifanikiwa, na kwa pamoja vilipiga picha asilimia 99 ya uso wa Mwezi. Ndani ya kila chombo kampuni ya Kodak ilikuwa imepachika maabara ndogo ya picha. Lenzi mbili, moja ya milimita 80 na nyingine ya milimita 610, zilipiga kwenye filamu ya upana wa milimita 70. Filamu ilisafishwa hukohuko angani kwa kugandamizwa kwenye utando uliolowa dawa, ikakaushwa, kisha nukta ndogo ya mwanga ikaipitia mstari kwa mstari na kugeuza weusi na weupe wake kuwa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo yalipokewa Goldstone huko California, Woomera nchini Australia, na karibu na Madrid, Hispania.

Hapo ndipo picha zilipogawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya haraka: ishara ziligeuzwa kuwa vipande vyembamba vya filamu ya milimita 35, vipande vikaunganishwa ubavu kwa ubavu, na matokeo yake yakapigwa picha tena. Ndiyo maana picha za Lunar Orbiter zilizochapishwa katika vitabu vya wakati ule zina michirizi, kama zimepigwa kupitia pazia la mianzi. Njia ya pili ilikuwa ya kanda. Ishara zilizotoka Mwezini zilirekodiwa moja kwa moja kwenye kanda za upana wa inchi mbili, na humo zilibaki na weupe, weusi na kijivu chote ambacho nakala za karatasi zilikipoteza. Kwa miongo minne dunia iliangalia nakala dhaifu, huku ile bora imefungiwa kwenye makopo.

Kanda pekee hazikumsaidia Evans. Zilirekodiwa kwa mashine ya Ampex FR-900, kubwa kama jokofu, ambayo haikuuzwa madukani. Waliokuwa nayo ni idara za serikali ya Marekani, zikiwemo NASA na jeshi la anga. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 idara hizo zilikuwa zimeachana nayo. Evans aliuliza huku na kule mpaka akapata mashine kadhaa za jeshi la anga zilizokuwa zimestaafishwa, pamoja na vipuri. Ofisini hapakuwa na pa kuziweka, kwa hiyo akazipeleka nyumbani na kuzifunika gerejini. Akishirikiana na Mark Nelson wa chuo cha Caltech, alijaribu kuzifufua na kuhamisha picha kwenye kompyuta. Fedha hazikupatikana, na kazi ikasimama.

Ikasimama kwa miaka mingi.

Mwaka 2007 habari za mashine hizo zikamfikia Dennis Wingo, mhandisi wa mambo ya anga, na rafiki yake Keith Cowing, mwandishi aliyewahi kufanya kazi NASA. Walikwenda kumwona Evans, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu. Baadaye walikodi malori, wakapakia mashine zilizojaa vumbi pamoja na kanda, wakazipeleka kituo cha NASA cha Ames, kaskazini mwa California. Kituoni walipewa jengo lililokuwa tupu: mkahawa wa McDonald's uliokuwa umefungwa. Wenyewe wakaubatiza McMoon's, na dirishani wakatundika bendera ya maharamia. Mradi wao uliitwa Lunar Orbiter Image Recovery Project.

Kazi yenyewe ilikuwa ya gereji kweli, ya bisibisi na chuma cha kuchomelea kuliko ya kompyuta. Katika mashine za umri ule mipira hukakamaa na kupasuka, kapasita hukauka, grisi hugeuka gundi. Fundi mkuu, Ken Zin, alizifungua moja baada ya nyingine, akachukua kizima kutoka kwa hii na kukifunga kwenye ile. Kilichowaumiza zaidi ni vichwa vya kusomea. Vichwa hivyo huzunguka kwa kasi vikigusa kanda, na kila saa ya kazi huvila kidogo. Wanaojua kuvitengeneza upya wamebaki wa kuhesabika. Tena kulikuwa na kifaa kingine cha kutafsiri ishara za Lunar Orbiter baada ya kusomwa, na hicho hakikuwepo popote. Ilibidi kiundwe upya kwa kufuata maelezo ya nyaraka za miaka ya 1960.

Tarehe 13 Novemba 2008 NASA ilitoa picha ya kwanza. Ilikuwa ya tarehe 23 Agosti 1966: Dunia ikionekana nyuma ya ukingo wa Mwezi, picha ya kwanza kabisa ya sayari yetu kupigwa kutoka jirani ya Mwezi. Watu waliifahamu picha hiyo kwa umbo lake la zamani, lenye weupe mtupu na weusi mtupu. Safari hii kingo za mashimo ya Mwezi zilionekana moja moja, na juu ya Dunia yakaonekana mawingu. Miaka iliyofuata timu iliendelea, mara kwa fedha za NASA, mara kwa michango ya watu wa kawaida, hadi ikahamisha picha zipatazo 2,000. Wanasayansi sasa wanaweza kuweka picha ya 1966 sambamba na iliyopigwa na chombo cha Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa 2009, na kuona mahali ambapo vimondo vimegonga Mwezi katikati ya miaka hiyo.

Mkasa huu unastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu unapinga jambo ambalo wengi huliamini. Tukisikia kwamba picha za zamani zimepotea, tunafikiria kuoza, ukungu, mchwa, moto. Kanda za Lunar Orbiter hazikuoza. Baada ya miaka 42 bado zilikuwa na kila walichorekodi wale mafundi wa Woomera na Madrid. Kilichokuwa kimekufa ni mashine ya kuzisoma, na waliokuwa wakififia ni watu waliojua kuitengeneza. Picha iliyo kwenye kanda, diski au kadi ina maisha mawili, maisha ya kile ilichoandikwa na maisha ya mashine inayoisoma, na mara nyingi mashine ndiyo hutangulia kaburini.

NASA yenyewe ina somo chungu zaidi. Kanda halisi za matangazo ya televisheni ya Apollo 11, zilizobeba picha safi kuliko zile dunia ilizotazama Julai 1969, zilitafutwa kwa miaka mitatu. Mwaka 2009 shirika likatoa jibu: kwa dalili zote zilifutwa na kurekodiwa upya, kwa sababu kanda zilikuwa adimu. Hapakuwa na Evans wa kanda hizo.

Mwaka uleule wa 1986 kanda za Mwezi zilipomfikia Evans, ng'ambo ya Atlantiki Waingereza walikuwa wakitengeneza tatizo jipya kwa nia njema kabisa. Ilikuwa imetimia miaka 900 tangu ikusanywe orodha kubwa ya ardhi na mali za Uingereza aliyoiamuru mfalme William wa Kwanza, iliyokuja kuitwa Domesday Book. Shirika la utangazaji la BBC liliamua kuadhimisha kwa kuandaa Domesday ya kisasa. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilomita nne kwa tatu, na shule na jumuiya za kila eneo zikaombwa kuandika maisha yao na kupiga picha tatu za mahali pao. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao watoto. Waliandika habari za chakula cha mchana shuleni, duka la kijiji, bei ya mkate, mgomo wa wachimba makaa. Zikapatikana picha zaidi ya 23,000 zilizopigwa na watu wa kawaida, hazina ambayo mwanahistoria yeyote angeililia.

Hazina hiyo ikawekwa kwenye diski za leza za sentimita 30, aina iliyobuniwa maalumu kwa mradi huo. Kuisoma kulihitaji kompyuta ya BBC Master na mashine ya Philips VP415, na seti nzima iliuzwa kwa takriban pauni 5,000. Shule nyingi zilizochangia hazikuweza kuinunua. Watoto wa shule hizo walichangia kazi ambayo shule zao hazikuwa na njia ya kuifungua.

Miaka 15 baadaye mashine zinazofanya kazi zilikuwa chache mno, wakati kile kitabu cha 1086 kinafunguka na kusomeka bila taabu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, katika mradi wa CAMiLEON, waliandika programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ile ya zamani, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba Domesday inaweza kufunguka tena. Ila picha zilikuwa na ugumu wa peke yake. Maandishi kwenye diski yalikuwa ya kidijitali, lakini picha zilikuwa zimeandikwa kama fremu za video ya kawaida ya televisheni ya wakati ule. Bahati nzuri, kanda kubwa za video zilizotumika kutengenezea diski zilikuwa bado zipo, na picha zikavutwa kutoka humo, zikiwa bora kuliko ambavyo diski ingetoa. Mwaka 2011 BBC iliziweka kwenye mtandao ili watu wazione bure na kuongeza picha mpya za mahali palepale. Mwaka 2018 huduma hiyo nayo ikafungwa. Nakala yake imehifadhiwa na Nyaraka za Taifa za Uingereza. Katika miaka 32 kazi ile ilikuwa imehama makazi mara tatu, na kila mara ilihitaji mtu wa kuishika mkono.

Utegemezi huu wa mashine ulionekana tangu siku ya kwanza ya kamera ya kidijitali, kama kungekuwa na mtu wa kuuona. Desemba 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak, mjini Rochester, alipiga picha kwa kamera aliyoiunganisha mwenyewe yenye uzito wa takriban kilo 3.6. Picha ilikuwa na nukta 100 kwa 100, na kuihifadhi kulichukua sekunde 23. Ilihifadhiwa kwenye kaseti, na hakukuwa na mashine nyingine duniani ya kuionyesha isipokuwa ile aliyoiunda Sasson na wenzake.

Baada ya hapo makazi ya picha yalibadilika haraka kuliko mitindo ya nguo. Sony ilitoa kamera za Mavica zilizotumia diski laini za inchi tatu na nusu, ujazo wa megabaiti 1.44. Kulikuwa pia na diski za Zip, na kadi za CompactFlash, SmartMedia, Memory Stick, xD na SD, kila moja na umbo lake na kisomaji chake. Katika zote hizo, SD ndiyo iliyobaki ya kila siku. Mwenye kadi ya xD leo inabidi atafute kisomaji cha zamani.

Kodak ilijaribu njia ya heshima zaidi. Mwaka 1992 ilileta Photo CD: mteja anapeleka filamu yake maabara, anarudishiwa diski yenye picha zipatazo 100, kila picha ikiwa katika ukubwa wa aina kadhaa. Baadhi ya makumbusho na maktaba ziliikumbatia. Lakini namna Kodak ilivyopanga rangi ndani ya faili hizo ilibaki siri ya kampuni, na kampuni ilipoiacha biashara hiyo, programu za picha zikaacha kuisoma moja baada ya nyingine. Wanaozifungua leo wanategemea watu waliokaa usiku kuchambua faili hizo wenyewe na kuandika programu za kuzisoma bila msaada wa Kodak. Diski ni nzima, mashine ya CD ipo, na bado bila programu hizo picha haionekani, kwa sababu lugha iliyoandikiwa inakosa mkalimani.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kupitia CD ya kuandika mara moja, ile ya megabaiti 700. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alichokuwa akihifadhi kilikuwa negativu, na negativu haihitaji mashine: inainuliwa kwenye mwanga na sura inaonekana. Vizazi vya wapiga picha vilifanya kazi hivyo. Miaka ya 2000 ilipofika, studio za Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na miji mingine zikaanza kumkabidhi mteja CD kwenye bahasha ya karatasi, juu imeandikwa kwa kalamu jina la bwana na bibi harusi na tarehe. Harusi, kipaimara, mahafali, mazishi, vyote viliingia humo. Kwa familia nyingi, miaka ile kati ya kufa kwa filamu na kuja kwa simu za kamera imebaki kwenye CD hizo tu.

Na CD ni dhaifu upande ambao watu hawautazamii. Mtu akiishika huogopa kukwaruza upande unaong'aa, unaosomwa na leza. Upande huo ni plastiki nene ya zaidi ya milimita moja, na mikwaruzo yake midogo inaweza kusuguliwa ikatoka. Data iko upande wa pili, chini ya maandishi: tabaka la rangi ambamo leza iliunguza alama, juu yake utando mwembamba wa fedha, juu yake koti jembamba la vanishi. Mkwaruzo wa ncha ya kalamu ya wino ukipita vanishi hiyo huondoka na picha, wala hakuna fundi wa kuirudisha. Jua huipausha ile rangi. Joto na unyevu hupenya pembeni na kuila fedha. Ukiinua CD iliyokaa miaka mingi kwenye kabati la nyumba ya pwani na kuitazama dhidi ya taa, wakati mwingine utaona vitundu vidogo vya mwanga. Kila kitundu ni sehemu ya kitu kilichokuwa picha.

Wakati huohuo mashine inaondoka. Kompyuta ya MacBook Air ilipotoka mwaka 2008 bila mahali pa kuingiza CD, wengi walishangaa. Leo kompyuta mpakato nyingi mpya ziko hivyo. CD za harusi zinaelekea pale zilipokuwa kanda za Mwezi mwaka 1986, isipokuwa kwamba kisomaji cha CD bado kinapatikana kwa bei ndogo, na fundi wa kompyuta wa mtaani bado anacho.

Wanaofanya kazi ya kuhamisha wana taratibu walizojifunza kwa hasara. Kwanza, hawafungui picha moja moja kutoka kwenye diski mgonjwa. Wananakili diski nzima kwa mpigo, kisha wanafanyia kazi nakala. Programu ya bure ya ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, husoma kwanza sehemu nzima zote, halafu ndipo inarudi kung'ang'ana na sehemu mbovu, ili mashine isife ikihangaika na kovu moja kabla ya kuokoa kilicho salama. Diski ikigoma kwenye kisomaji kimoja, hujaribiwa kwenye kingine, kwani leza hazilingani. Kadi ya kamera iliyofutwa kwa bahati mbaya haiandikwi tena kitu chochote mpaka programu kama PhotoRec ya Christophe Grenier iipitie, maana kufuta huondoa jina la faili na kuiacha picha mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu.

Baada ya kunakili huja kuhakiki. Kompyuta hulipitia kila faili na kutoa namba ndefu inayotokana na yaliyomo. Nukta moja ikibadilika, namba inabadilika. Namba za asili na za nakala zikilingana, ndipo kazi huhesabiwa imefanyika. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ambayo sasa wengi wanaifuata: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae nje ya nyumba au ofisi. Nakala ya nje inaweza kuwa ya mtandaoni, lakini mtandao si kabati la milele. Machi 2019 kampuni ya MySpace ilikiri kwamba picha, video na muziki uliowekwa na watumiaji wake kwa takriban miaka 12 vilipotea, na vilipotea wakati wa kuhamisha seva. Kuhama kwenyewe ni hatari, kama kuhama nyumba usiku wa mvua, ambako hakikosekani kitu kinachovunjika.

Kuna jambo moja ambalo hakuna programu inayolifanya. Maandishi ya juu ya bahasha hayamo kwenye CD. Jina la bibi aliyekaa katikati, mwaka, kijiji, aliyemshika mtoto, vyote vimo kwenye karatasi au kichwani mwa mtu mmoja mwenye umri mkubwa. Watoto wa Uingereza waliandika habari za picha zao pamoja na picha, na ndiyo maana Domesday ina thamani hata leo. Picha 300 zenye majina ya faili kama DSC00417 zitamfikia mjukuu zikiwa nzima, naye atatazama nyuso asizozijua.

Kwa hiyo mwenye CD za miaka ya 2000 azitoe kabatini mwaka huu, kisomaji kikiwa bado kinapatikana. Apige picha bahasha zake kwa simu kabla ya kitu kingine. Anakili CD zote kwenye diski mbili, moja akampe ndugu anayekaa mji mwingine. Akae na wazee waliomo kwenye picha hizo, awaulize majina na kuyaandika. CD zenyewe asizitupe mpaka awe amefungua kila faili kwenye nakala na kuiona picha kwa macho yake.